Kura ya Mahindi na Maharagwe

Kwetu Ruiru, kula na kura yalikuwa neno moja. Ulimi wetu wa Kikuyu haukuona sababu ya kuyatenganisha. Mwanamke mmoja kutoka magharibi, ambaye mume wake alikata mkonge upande wa Juja, alitucheka kila siku. "Nyinyi mtapiga chakula na kula serikali," alisema, nasi tulicheka pamoja naye, maana alikuwa mcheshi.

Tulikuwa wanawake kama ishirini, tukichagua kahawa katika kibanda kirefu cha mabati nje ya mji, ukielekea Thika. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya meza na kutoa buni nyeusi na zilizovunjika. Kila mmoja wetu alikuja na gunia lake la kukalia, amelikunja mara nne na kulishona kingo. Gunia likikaa mahali, mahali pale palikuwa pako. Lakini sisi sote tulikuwa vibarua. Asubuhi nyapara alisimama mlangoni na kunyoosha fimbo: wewe, wewe, wewe. Fimbo isipokugusa, unarudi nyumbani.

Aliyekaa kushoto kwangu alitembea kutoka Mugutha, na mwaka ule alikuwa na mimba ya tatu. Mume wake alikuwa amechukuliwa na askari, na hakuna aliyejua yuko kambi gani. Mfanyakazi wa kibandani aliyejifungua alipoteza nafasi. Tulishawaona wawili wakirudi na watoto mgongoni, fimbo ikiwaruka kama vile haikuwahi kuwajua.

"Mimi nikitoka hapa, watoto watakula nini?" aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye buni.

Tulikubaliana mmoja wetu aende kwa mzungu mwenye kiwanda, aombe gunia la mzazi lisiondolewe mezani hadi arudi. Sisi wengine tungefanya sehemu yake. Ila nani aende? Miaka ile ya Mau Mau mikutano ilikatazwa, na Mkikuyu aliyeonekana akisemea wenzake angeweza kulala kituo cha polisi. Baadhi walimtaka mama mmoja mzee wa kwetu, mpole, ambaye mzungu alimzoea. Wengine walimtaka yule wa magharibi, kwa sababu Kiswahili chake kilinyooka na, kwa kuwa si Mkikuyu, hakuna askari aliyekuwa akimtafuta.

Saa ya chakula ilipofika, kipande cha reli kikagongwa, tukakaa nyuma ya kibanda na vibuyu vya githeri yetu, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mama mzee mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza chini na kukunja kingo zake juu kama mfuko. Kila mmoja aingize mkono na kuacha punje moja: haragwe kwa ajili yake yeye mama mzee, hindi kwa ajili ya yule wa magharibi.

Tulikuwa katikati wakati nyapara alipotokea pembeni.

"Mbona mmekaa duara? Mnafanya nini hapo?"

Yule wa Mugutha, tumbo lake mbele kama ngoma, akamjibu ukweli mtupu kwa heshima.

"Kura, mzee."

Nyapara akatazama vibuyu, akatazama midomo inayotafuna. Naye alikuwa ameishi na sisi miaka mingi, akijua tunavyosema.

"Haya, kureni haraka," akatuiga. "Reli inagongwa sasa hivi."

Mwanamke wa magharibi alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nyapara alipokwenda zake tukamaliza, na tulipokunjua kitambaa, punje moja haikuwepo. Mwenzetu mmoja aliitia mdomoni kwa mazoea.

"Umekula kura," mama mzee akamwambia.

"Sasa nifanye nini, niiteme?"

Akapewa nyingine. Mahindi yalishinda kwa punje tatu, na mama mzee akashukuru. Hakutaka kulala kituoni, alisema, akajifunga tena kitambaa chake.

Kesho yake mteule wetu alikwenda ofisini peke yake. Hakukaa sana. Aliporudi alikalia gunia lake, akachagua buni tano sita kabla ya kusema, maana nyapara alikuwa karibu. Mzungu amekubali, alinong'ona, kwa mwezi mmoja, na kazi ikibaki nyuma hata siku moja, gunia linatupwa na yeye aliyeliombea anafuata.

Mwezi ule vidole vyetu havikulala. Gunia la yule wa Mugutha, aliyekwenda kujifungua, lilibaki kushoto kwangu, tupu. Nyapara alipojaribu kumkalisha mgeni hapo, mgeni mwenyewe, ambaye tulishamweleza mlangoni, alisema, "Hapa pana mtu," akakaa sakafuni mwisho wa meza.

Yule wa Mugutha akarudi siku ya ishirini na nane, msichana mdogo mgongoni. Nyapara alimtazama, akatazama gunia, akanyoosha fimbo kwake kwanza.

Mchana mama huyo alikuja na githeri isiyofanana na yetu. Alikuwa ameichambua kama buni, akitoa haragwe moja moja, hadi yakabaki mahindi matupu. Akaiweka mapajani mwa yule wa magharibi.

"Siku ile mimi nilikunyima kura yangu," alisema. "Nilitia haragwe. Niliogopa mgeni hatanihurumia."

Yule mwingine akachota kiganja kizima.

"Basi leo nakula kura," akasema polepole, akitenganisha maneno vizuri ili tujifunze.