Jino Lililopokelewa kwa Mikono Miwili

"Mwambie baba yako," shangazi Taraivini aliniagiza, "kwamba chai yake inapoa."

Baba alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, na alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alinigeukia mimi. "Mwambie shangazi yako nimeiona."

Ndivyo tulivyoishi kijijini kwetu Natokalevu. Kaka na dada wakishabaleghe hawasemezani tena. Ni heshima, na heshima hiyo hulindwa mpaka kaburini. Baba na shangazi walikuwa wametimiza miaka arobaini na mitano bila kuambiana neno, ingawa nyumba zao zinatazamana na muhogo wao hupikwa chungu kimoja. Mimi nilikuwa daraja lao tangu nilipojua kusema. Nilipokwenda chuo kikuu Suva, mji mkuu wetu, kazi yangu alipewa paka. "We paka," shangazi alikuwa akisema kwa sauti, "humu ndani kuna mtu hajanyoa ndevu, na kesho ni Jumapili."

Ninaanza na jambo hili kwa sababu bila hilo hakuna atakayeelewa kilichotokea mwaka jana. Gazeti moja lilimwita shangazi "mwanamke mkorofi aliyevunja uzio wa mwekezaji". Ni kweli kwamba uzio aliuvunja.

Mume wake alifariki akimwachia watoto watatu, wa mwisho, Josua, akiwa bado ananyonya. Hakumwachia kingine. Lakini shangazi alikuwa na mwamba. Kutoka nyumbani kwake ilikuwapo njia ya wanawake iliyopita katikati ya minazi hadi ufukweni, mwendo wa robo saa. Maji yakipwa, alishuka na kijiti chake cha chuma na kikapu kiunoni. Aliyajua mashimo ya pweza kama wengine wanavyojua kabati zao. Alichuma nama, ule mwani wenye vishada kama zabibu, na kila Jumamosi aliuza sokoni Savusavu. Pweza mdogo alimwachia shimo lake. "Huyu bado anasoma," alikuwa akisema. Watoto wake wote watatu walisoma kwa mwamba huo, nami pia nilisoma kwa mwamba huo, maana karo yangu ya mwaka wa kwanza ilinuka pweza.

Kisha akaja Bwana Pruett.

Bwana Pruett ana machinjio ya ng'ombe Australia, nyumba za kupangisha katika miji ambayo hajawahi kulala, na visiwa viwili vyake mwenyewe. Nimesoma uchumi miaka mitatu, na hakuna mhadhiri aliyeweza kunieleza mtu mmoja hufanya kazi saa ngapi kwa siku hata apate mali kuzidi bajeti ya taifa zima. Jibu ni kwamba hafanyi. Wanafanya wengine, naye huitwa hodari. Serikali yetu ilimsamehe kodi miaka kumi na mitatu ili aje kutujengea hoteli, wakati mwalimu wa shule yetu hununua chaki kwa mshahara wake. Waziri alipokuja kukata utepe alisema neno "maendeleo" mara kumi na tisa. Nilihesabu kwa vidole mpaka vikaniishia.

Chifu wetu, Ratu Apenisa, alikuwa amekubali kumpangisha shamba la minazi kwa miaka tisini na tisa. Wanawake hawakubisha. Waliomba kitu kimoja tu, njia yao. Kwa kuwa baba ndiye msemaji wa chifu, ombi lao alilipeleka yeye, na alilipeleka kama inavyotakiwa: kwa jino la nyangumi. Halikuwa jino la hivi hivi. Lilikuja na bibi yangu siku ya harusi yake, na lilikuwa limegeuka rangi ya asali kwa mafuta na viganja vya watu wengi. Baba alipiga magoti ukumbini akalinyanyua.

"Tunaomba njia ya wanawake ya kwendea mwambani isifungwe," alisema, na mwalimu akatafsiri.

Bwana Pruett alilipokea kwa mikono miwili. Alilibusu. Machozi yalimlengalenga, na mpigapicha wake akayanasa hayo machozi. Ukumbi mzima ulipiga makofi ya viganja vilivyokunjwa.

Kwetu, asiyetaka ombi hulirudisha jino palepale, na hakuna atakayemkasirikia. Akilipokea, amekubali. Ndiyo maana hakuna mtu aliyedai njia iandikwe kwenye mkataba. Nani angeandika jambo ambalo jino limekwisha kulisema? Hilo ndilo kosa letu, na nalikiri: tulidhani mtu akilia mbele yetu ameelewa.

Miezi minane baadaye uzio ulisimama, waya wa kimo cha watu wawili, na bango lenye picha ya kiganja chekundu. Langoni aliwekwa kijana wa kijijini kwetu, Waisake, kavaa sare na kofia.

"Waisake, nipishe," shangazi alisema.

"Mama, nimeagizwa."

"Nilikutoa mwiba wa samaki kwenye unyayo ukilia kama mwanambuzi. Nipishe."

"Mama, watanifukuza. Nina mtoto sasa."

Shangazi hakumlaani. Aligeuka, akazunguka kwa kupitia kwenye mikoko, tope likimfika magotini, mwendo wa saa moja na nusu. Alipofika mwambani maji yalikuwa yameanza kujaa. Alirudi na pweza wawili wadogo kama kiganja. Aliwaweka mezani akawafunika kwa kitambaa, kana kwamba ni maiti.

"Leo nimechukua watoto," alisema. Usiku huo hakula.

Alikwenda hivyo mwaka mzima. Meza yake sokoni ikapungua mpaka ikawa sahani moja. Chifu alipoulizwa alisema, "Nitaongea nao." Mwanawe mkubwa alikuwa ameajiriwa kuendesha boti ya hoteli, na mazungumzo hayo tunayangoja hadi leo.

Nilipomaliza masomo nikarudi nyumbani, niliusoma mkataba wote, kurasa arobaini na moja. Nilimweleza shangazi kwamba neno "njia" halimo.

"Basi twende tukadai jino," alisema. "Kama hataki ombi letu, arudishe. Halafu tutajua tumekataliwa."

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na wifi yake Losalini, dada ya marehemu mumewe, ambaye mdomo wake haujui kufunga. Meneja, Bwana Trent, alitupokea vizuri. Alituletea juisi baridi zenye vimwavuli vya karatasi.

"Hiki cha nini?" Losalini aliuliza akikichomoa. "Wanaogopa juisi italoa mvua?"

Nilimweleza meneja shida yetu. Alitabasamu. "Bwana Pruett analithamini sana lile jino. Liko ofisini kwake, ng'ambo, ndani ya kioo, lina taa yake."

Nilipotafsiri, Losalini alipiga paja. "Wifi, umesikia? Jino letu limepata viza! Mimi nimenyimwa mara mbili, jino limekwenda na taa limewashiwa!"

Shangazi hakucheka. "Muulize: analirudisha, au harudishi?"

"Hawezi kulirudisha," meneja alisema. "Ni zawadi."

"Vizuri," shangazi alisema, akainuka. "Bado analo. Basi bado amekubali. Anayevunja ahadi ni huyu mwenye juisi." Alirudisha kimwavuli mezani, taratibu, akatoka.

Wiki ile ile Josua alipiga simu kutoka Australia. Alikuwa mwaka wa tatu kwenye machinjio, mkataba wa msimu, akilala na wenzake sita chumba kimoja na kukatwa kodi ya chumba hicho kwenye mshahara. Msimamizi alikuwa amemwita na kumuuliza kama mama yake ni mzima na kama ni mtulivu.

"Atakuwa amejuaje kuhusu mimi?" shangazi alishangaa.

"Mama, hujui? Machinjio ni yake Pruett. Chumba ninacholala ni chake. Huku namkatia nyama, huko anakufungia samaki. Mtu ni mmoja."

Shangazi aliinua macho akalitazama bati la paa. Mwishowe akasema, "Josua, nikisema neno, utafukuzwa."

"Najua."

"Bati la nyumba ni la mshahara wako."

"Mama, mimi nilikuzwa na pweza, sikukuzwa na bati. Ila nakuomba unipe mpaka mwisho wa mwezi, nina mwenzangu mgonjwa namsaidia zamu zake."

Mwisho wa mwezi ulipofika, Bwana Trent alikuja ukumbini na msemaji aliyemkodi kutoka wilaya nyingine, na meno matatu ya nyangumi. Yote matatu yalikuwa makubwa kuliko letu. Nilijua yalikotoka, maana moja lilikuwa bado na kibandiko: duka la rehani, Labasa. Mtu fulani, familia fulani, iliweka pale jino la mababu zake ipate nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, ikashindwa kulikomboa. Sasa umaskini wa wale ulikuwa umenunuliwa uje kutunyamazisha sisi. Sijawahi kuona kitu kinachoeleza dunia hii waziwazi kuliko kile kibandiko.

Msemaji wa kukodi alipiga magoti. Alisema vizuri, sauti ya dhahabu. Aliomba maneno ya zamani juu ya njia yakunjwe na kuwekwa. Kwa upande wake, hoteli ingeezeka ukumbi upya, na siku moja kila mwezi wanawake wangefunguliwa lango, wakiwa na vikapu vyao vya asili, ili wageni wapige picha.

Ratu Apenisa alitazama dari iliyovuja. Kisha akamwashiria baba kwa kichwa: pokea.

Msemaji wa chifu akishalishika jino, mambo yamekwisha. Hakuna mahakama ya rufaa. Baba alisogea mbele akanyoosha mikono. Ilikuwa inakwenda, kwa sababu kwa miaka thelathini ilikuwa imekwenda kila ilipoamriwa.

"Mitieli."

Lilikuwa jina la baba. Lilitoka nyuma, karibu na mlango, kwa wanawake waliokaa na sinia za magimbi. Nilifikiri nimekosea. Sijawahi kulisikia jina hilo katika kinywa hicho. Hakuna aliyewahi kulisikia isipokuwa waliokwisha kufa.

"Mitieli. Usiliguse."

Watu waliinamisha vichwa kana kwamba mtu amevuliwa nguo hadharani. Losalini, yeye wa maneno, alijifunika uso kwa kanga yake. Baba hakugeuka. Mikono yake ilibaki hewani, shubiri moja kutoka kwenye jino.

"Mitieli, pokea," chifu alisema kwa sauti ndogo.

Baba aliishusha mikono akaiweka magotini.

"Ratu," alisema, "nimekusemea wewe, na kabla yako baba yako. Mikono hii ndiyo iliyolitoa lile la kwanza, na lile la kwanza bado liko kwake. Nikilishika hili, nitakuwa nimekufanya mwongo kwa jina lako. Nitafutie kosa jingine la kufanya, nitalifanya. Hili hapana."

Chifu aliitazama mikeka. Msemaji wa kukodi, ambaye mila alizijua vizuri kuliko aliyemlipa, aliyakusanya meno yake moja moja.

"Kuna nini?" Bwana Trent alininong'oneza.

"Mmekataliwa," nilimwambia kwa lugha yake, na sitajifanya kwamba sikufurahi.

Alisimama ngazini kabla hajaondoka, akamtazama shangazi. "Mkataba wa mwanao unaisha Machi, sivyo?"

Nilitafsiri. Shangazi alikuwa anakusanya sinia. "Mwambie najua unaisha lini. Mimi ndiye mama yake."

Siku mbili baadaye ilikuwa bamvua, na maji yalikupwa mpaka mwamba ukajitokeza mgongo mzima. Wanawake kumi na wanne walikwenda na koleo za kukatia waya. Waisake alivua kofia ya sare, akaitundika kwenye nguzo, akaketi chini. Waya wa Bwana Pruett ulikuwa laini kuliko ulivyoonekana.

Josua alirudishwa nyumbani Machi, bila barua ya maelezo. Pengo la uzio limezibwa mara tatu na kukatwa mara nne. Shangazi ana kesi Savusavu: kuingia bila idhini katika mali ya mtu. Aliyetoa ahadi ndiye mlalamikaji, na aliyeahidiwa ndiye mshtakiwa. Sheria imevaa suti na haioni haya. Wakili wa msaada alimuuliza kama ana hati yoyote ya kuthibitisha njia. "Ninayo," shangazi alijibu. "Iko ofisini kwake. Imewashiwa taa."

Siku iliyofuata kikao kile cha ukumbini, shangazi alikuwa amenipa mkeka wake mzuri kuliko yote, wenye nyuzi za rangi, nimpelekee baba.

"Mwambie baba yako namwomba radhi. Nilimwita jina."

Baba aliupokea mkeka akaupapasa ukingo. "Mwambie shangazi yako," alisema, "mimi sikusikia kitu."

Tangu hapo, kila maji yanapokupwa, baba huchukua panga lake na kwenda kuketi kwenye pengo la uzio, akiupa mgongo mwamba ili asimtazame dada yake. Walinzi wapya, waliotoka mbali, hawajathubutu kumsogelea. Juzi nilikuwa nikipita naye shangazi, vikapu vikiwa viunoni, tukafika pale alipo. Jua lilikuwa kali. Shangazi alisimama, akanigeukia mimi.

"Mwambie baba yako avae kofia. Kesi haijaisha, na bado tunamhitaji."