Chai Kabla ya Zamu

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo nashusha pumzi. Nilikuwa msichana, nashona nguo Kawangware kwa cherehani ya kukodi, na katika chama chetu cha mafundi, tuliokuwa tukichanga na kupokea kwa zamu, zamu yangu ya kupokea pesa ilikuwa imefika. Cherehani ya kununua nilikuwa nimeshaiona. Mwenye nayo alikubali kunishikia hadi Jumamosi tu.

Chama kilikuwa kimesajiliwa, tena kwa katiba iliyopigwa chapa: faini ya kuchelewa, faini ya kelele mkutanoni, yote yamo. Lakini kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Mwenye zamu hapewi pesa mpaka wanachama wanywe chai nyumbani kwake.

Sasa mimi nilikuwa nimewaambia naishi Ayany, mtaa wa nyumba za mawe. Haukuwa uongo mtupu, maana ukisimama mlangoni kwangu ungeziona nyumba za Ayany vizuri kabisa. Ila mlango wenyewe ulikuwa Kibera, chumba cha mabati, kitanda kimoja, kiti hakuna. Nilikuwa na ile aibu ya ujana inayomfanya mtu alale njaa ili anunue viatu. Basi nikasimama mkutanoni, nikasema kwa maringo, "Katiba haina mahali inasema chai. Nipeni tu pesa yangu."

Wengine wakaanza kunong'ona kwamba nataka kutoroka. Mwenyekiti wetu, Mama Mwende, mama wa Kitui asiyependa maneno mengi, akanivuta kando.

"Wewe unaficha nini?"

"Mama, sina viti."

"Na nani amekwambia tunakuja kwa ajili ya viti? Hiyo katiba ni ya ofisi. Sisi tunataka kujua kwako, na majirani wako watujue. Ukipotea, tutajua pa kuulizia. Na sisi tukikudhulumu, kuna mtu ameona tukinywa chai yako. Enda uweke maji kwa jiko."

Walikuja, mwanangu. Wakakaa kitandani, juu ya mtungi wa plastiki wa maji, wengine wakasimama mlangoni, na vikombe tukaazima kwa jirani. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo Ayany ndiyo hii?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa nimechoka sana kuficha. Nikapewa pesa zangu jirani akiona, na Jumamosi cherehani ikawa yangu.

Baadaye niliugua, nikashindwa kupeleka mchango. Kwa ile katiba ningefukuzwa. Lakini walikuja na unga na sukari, wakajionea kwamba sijiwezi, wakaniongezea muda nikalipa polepole.

Sikukatazi hicho kikundi cha kuchangiana pesa kwa simu unachotaka kuingia. Soma masharti yake yote, maana karatasi nayo ina kazi yake. Lakini jiulize pia: hawa watu wanapajua kwangu, nami napajua kwao? Kama hapana, weka kidogo tu, kiasi ambacho kikipotea bado utapata usingizi. Sheria iliyoandikwa vizuri haikusaidii sana kama hujui uende kumlalamikia nani. Na chumba chako usikionee haya. Mungu akubariki, mwanangu, akuzungushie watu watakaokuulizia siku usipoonekana.