Spika Ndani ya Mtungi

Binti yangu ameunganisha redio kubwa na kompyuta ya nyumbani, analinganisha sauti. Anapunguza besi, anapandisha sauti nyembamba, ananiuliza, "Baba, hapo vipi?" Vumbi la spika limepata joto, na harufu yake imenirudisha uani kwa bibi, siku wenzangu walipotoka jando.

Wakati ule besi tuliitafuta kwa mtungi. Baba mdogo alitumbukiza spika yake kwenye mtungi wa bibi, ukuta ukatetemeka, lakini maneno ya kaseti hayakusikika hata moja. Nikaivuta nje kidogo. Ni yeye, baba mdogo, wala simfichi, aliyenizaba kofi la sikio la kushoto, na wageni wakacheka. Sikio likavuma, kisha likanyamaza, na limenyamaza mpaka leo.

Nikajua ndiyo basi, nimekuwa kiziwi. Bibi akanivuta jikoni, akainamia sikio la kulia, akanong'ona, "Mume wangu, unanisikia?"

"Nakusikia, bibi."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nitazeeka na mume wa kupigiwa kelele."

Nikacheka huku machozi yananitoka, maana nilimsikia mpaka anavyopumua.