Vifaru vya Mabruki

Raymundi alipoambiwa kwamba Mabruki amefariki, alicheka. Alicheka kweli, mbele ya watu, bisibisi mkononi. "Mwambieni huo utani umebuma," akasema, "alete mwingine." Aliyeleta habari hakucheka. Akarudia tena: presha, dukani kwake, katikati ya spoki na matairi ya baiskeli, na roho imekatika kabla hawajamfikisha hospitali. Hapo Raymundi akakaa sakafuni palepale karakanani, mtu mzima na mvi zake, wateja wakimtazama.

Jamani, nani asingeshtuka? Asubuhi ileile walikuwa wametukanana vizuri tu. Mabruki alipita mlangoni akaisema suruali ya Raymundi, kwamba hiyo hata fisi hawezi kuiiba, naye Raymundi akamrushia la kwake kuhusu watu wa pwani na usingizi. Ndivyo walivyosalimiana maisha yao yote. Mtu gani anatukana kwa nguvu zile saa mbili, saa nne ni maiti?

Raymundi ni Mnyamwezi, mtoto wa wakulima wa Ntalikwa, Mkatoliki wa kuimba kwaya, aliyeacha jembe akaja mjini kujifunza ufundi wa redio kwa mzee Fazal. Redio zilipokosa wateja akahamia kwenye kompyuta, na mpaka leo karakana yake iko mtaa wa Ng'ambo. Mabruki alikuwa Mzaramo, wa hapahapa Tabora. Utani wa makabila hayo mawili ulianza enzi za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo hadi pwani, na mpaka sasa msiba ukitokea upande mmoja, upande wa pili una ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Mtani huvaa kofia ya marehemu, huiga mwendo wake, hulala mlangoni jeneza lisipite. Asiyejua desturi anaweza kuita polisi. Lakini mtani yuko kazini: anawachekesha wafiwa ili uchungu ulioganda kifuani upate pa kutokea.

Basi Raymundi akaingia kazini, na moyo wake mwenyewe umepasuka. Akavaa kofia ya Mabruki, akaburuta mguu kama yeye, akaenda barabarani akawafokea wapita njia wasio na kosa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakacheka wote, isipokuwa Kuluthumu.

Kuluthumu ndiye mjane. Tangu siku ya kifo hakudondosha chozi wala hakutoa sauti. Alikuwa amekaa eda chumbani, haonani na wanaume wa nje, na chakula alikuwa anakionja tu ili wamwache. Siku zikapita, wageni wakaanza kuaga, yeye vilevile. Wanawake wakaanza kunong'ona kwa hofu. Tausi, dada mkubwa wa marehemu aliyekuwa akishinda naye humo ndani, akashindwa kuvumilia, akamfuata Raymundi karakanani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikuja kusalimiwa. We Mnyamwezi, kazi imekushinda?"

"Dada, nimefanya kila—"

"Umefanya huko nje! Wifi yangu yuko ndani, hakuoni. Tukimsimulia, anatazama ukuta. Halii, hacheki, hasemi, anatutoka hivihivi tunamwona. Mtani wa Mabruki ni wewe, hakuna mwingine. Mtoe sauti yule mwanamke, hata iwe ya kukutukana. Tukimzika na yeye, sitakusamehe."

Akaondoka. Raymundi akabaki anautazama ukuta uleule, kwa upande wake. Karakana na nyumba ya Mabruki zimegawana ukuta mmoja, na chini ya ukuta huo kuna tundu walilolitoboa wenyewe zamani, wakapitisha waya wa mtandao. Kompyuta moja huku, nyingine kule, na kila Jumapili baada ya misa wakapigana vita vya vifaru, mchezo wa kompyuta wa magari ya deraya. Yaani Raymundi alikuwa anapigwa, tuseme ukweli. Kifaru cha Mabruki kilijificha nyuma ya kilima, kikatulia tuli, halafu kikamtokea mgongoni. Fundi mzima wa kompyuta, anachakazwa na muuza vipuri vya baiskeli! Raymundi mwenyewe aliwatangazia watu wote wa Ng'ambo kwamba hajazaliwa mwanamume mwingine wa kumfunga mchezo ule ila Mabruki. Baadaye kompyuta zile zikafa kwa uzee, na vita vikafa nazo.

Sasa wazo likamjia. Kama Kuluthumu hawezi kutoka kumwona mtani akimwigiza Mabruki, basi Mabruki apitie tunduni aende kwake. Ataandika jina MABRUKI juu ya kifaru, ataiga ujanja wa kilimani, kisha atakitumbukiza mtoni kwa makusudi kama mlevi. Tausi atamwekea mjane laptopu mapajani, atazame.

Lo! Kumbe alikuwa anajitafutia adhabu. Alichukua laptopu mbili mpya za karakana, akaupakia mchezo, akachomeka waya. Mchezo ulifunguka vizuri kila upande, lakini laptopu hazikuonana kabisa. Alipochunguza, alibaki mdomo wazi. Mchezo ule ulitengenezwa kuzungumza kwa itifaki, yaani lugha ya mashine, ya zamani iitwayo IPX, na Windows za siku hizi zimeifuta, haimo tena. Mashine yenye nguvu kuliko zote alizowahi kushika haielewi salamu ambayo makopo yale ya zamani yalipeana bila shida! Raymundi alijisikia kama ametukanwa yeye.

Akaperuzi mtandaoni, akasoma mabishano ya watu wa mbali wenye kiu hiyohiyo ya michezo ya zamani, mpaka akapata kiprogramu kidogo cha kuweka kwenye folda ya mchezo. Kazi yake ni kuupokea ujumbe wa IPX na kuufunga ndani ya itifaki ya leo, kisha mwenzake wa upande wa pili anaufungua, na mchezo wenyewe haujui kama umedanganywa. Akakiweka kote kuwili. Hola, hazikuonana bado. Akakiruhusu kwenye ulinzi wa Windows unaozuia mawasiliano ya nje. Hola! Akaipiga meza ngumi, akamlaumu marehemu kwa kufa kabla hajamsaidia kushika waya. Mwisho ndipo akaligundua kosa, akashika kichwa: laptopu ilikuwa na njia mbili, waya na Wi-Fi ya simu yake, na ujumbe wote ulikuwa unakimbilia Wi-Fi huku waya umekaa bure. Akazima Wi-Fi. Jina la laptopu ya pili, aliyoiita MGENI, likatokea kwenye skrini. Raymundi akapiga ishara ya msalaba.

Siku hiyo baada ya sala ya alasiri, laptopu ya MGENI ikaingizwa ndani na Tausi, waya ukapita tunduni, na wanaume wa msibani wakajazana karakanani nyuma ya Raymundi. Akaanza. Akamwendesha MABRUKI kwa maringo, akamzungusha, akamficha nyuma ya kilima.

"Anatazama?" akauliza tunduni.

"Anatazama tu," Tausi akajibu kutoka ndani. "Uso uleule."

Raymundi akageuza kifaru kuelekea mtoni, tayari kwa kichekesho. Hapo kifaru cha MGENI, ambacho kazi yake ilikuwa kusimama tu, kikasogea. Kikarudi nyuma polepole. Kikapotelea nyuma ya kilima, kikatulia tuli. Mwendo ule Raymundi aliujua, na mwenye mwendo ule amemzika kwa mikono yake. Kabla hajafumba mdomo, kikamtokea mgongoni, na skrini ikatangaza kwa herufi nyekundu kwamba MGENI amemwangamiza MABRUKI.

"Astaghfirullah!" mzee mmoja akapiga kelele. "Zima hicho kitu!"

Katika mipango yake yote, hili Raymundi hakuliwaza. Amemletea mjane maandishi mekundu kwamba mumewe ameangamizwa, tena kwa laptopu iliyo mapajani mwake. Mtani gani huyu? Akainama tunduni. "Dada Tausi! Nani kashika kipanya?"

Ikajibu sauti nyingine, kavu, ya mtu ambaye koo lake limesahau kazi.

"Huyo si Mabruki."

"Shemeji?"

"Mabruki hakujua kuendesha hata kidogo. Alikuwa anagonga miti. Aliyekuwa anakupiga ni mimi."

Nyuma ya Raymundi wanaume wakatazamana. "Miaka yote ile?" Raymundi akauliza, kama mtoto.

"Yote. Ningesemaje? Watu wangesema mke wa fulani anacheza na mwanamume wa ukuta wa pili. Na mwenyewe alivyopenda sifa! Mimi nilikuwa mkono, yeye mdomo."

Kweli, mdomo ulikuwepo. Kila kifaru cha Raymundi kilipolipuka, matusi ya Mabruki yalipenya tunduni kabla moshi haujaisha kwenye skrini, na kuku wa uani wakakimbia.

"Sasa nimekupiga," Kuluthumu akasema taratibu, "na hakuna anayepiga kelele."

Raymundi akalala kifudifudi sakafuni, mdomo tunduni, akavuta pumzi, akaitoa sauti ya Mabruki, ileile nzito yenye mikwaruzo. "Ewe mpagazi! Mzigo umekudondoka tena! Nani alikudanganya kwamba una akili ya vita? Rudi Ntalikwa ukapigane na kunguru wa shambani, na hao pia watakushinda!"

Ndani kukatoka kitu. Kilianza kama kicheko, kikakatika katikati, kikageuka kilio, kilio kikubwa cha kutoka tumboni, na wanawake wote wakalia naye. Tausi alisikika akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Raymundi akadhani kazi imekwisha, akanyamaza.

"Usinyamaze, mtani," Kuluthumu akasema katikati ya kwikwi. "Endelea."

Akaendelea. Alijitukana yeye, akautukana ufundi wake na suruali zake zote, mashavu yamelowa, mpaka sauti ya Mabruki ikamwishia kooni ikabaki yake mwenyewe, inalia, na ng'ambo ya ukuta Kuluthumu bado anamwambia aendelee.