Taa Mbili za Nyuma

Shemeji yangu alikufa akiwa amebakiza taa za nyuma tu za gari alilokuwa akijiundia. Kila kitu kingine alikuwa amekimaliza. Fremu na injini alivitoa kwenye gari kuukuu aliloachiwa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihama Kisumu. Mwili wa mbele aliufua mwenyewe kwa mabati, na nyuma, mahali pa mizigo, alipigilia mbao. Kazi hiyo aliifanya jioni na Jumapili, miaka mingi, nyuma ya nyumba ya kupanga aliyoishi na dada yangu. Majirani waliliita kabati. Halikuwa na urembo wowote, lakini likiwashwa liliwaka, na likikanyagwa breki lilisimama.

Lori lilimgonga kwa nyuma kwenye barabara ya Asembo, giza likianza kuingia, akiwa juu ya baiskeli isiyo na taa. Dereva alisema hakuona kitu mbele yake mpaka aliposikia kishindo. Nilimwamini, na kumwamini kwenyewe kulininyima usingizi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi na kurudi kungoja majibu ya kazi ambayo hayakuja. Baada ya mazishi, dada aliniita nyuma ya nyumba, akaliondoa turubai juu ya lile gari.

"Omera, ndugu yangu," aliniambia, "wewe ndiye umesoma. Nitafutie taa ambazo serikali haitazikataa na mimi nitaziweza."

Sote wawili tulijua kwa nini alikuwa na haraka. Wazee wa nyumbani kwa mumewe wangekaa kugawa vitu vya marehemu mara tu matanga yatakapokwisha kabisa. Nguo, baiskeli iliyopinda, vyuma vya kazi, vyote vingekwenda kwa ndugu zake. Lakini gari lilikuwa halijaandikishwa kwa jina la mtu yeyote. Likipita kwenye ukaguzi kwa jina la dada kabla wazee hawajakaa, nilimwambia, watakuta ni gari lake. Kwa gari hilo angechukua samaki Asembo Bay na kuwaleta mjini, na watoto wangebaki shuleni. Bila hilo alikuwa na mikono yake na cherehani tu, na kodi ya nyumba.

Nilisoma sheria ya barabara kwenye maktaba mpaka mtunzaji akaniuliza kama nimeshtakiwa. Taa mbili nyekundu, kulia na kushoto, kimo kimoja. Taa ya breki. Mwanga mweupe wa kumulika namba. Vioo viwili vyekundu vya kung'aa vinapopigwa na mwanga wa gari linalofuata. Haya mtu mwingine angeyaandika kwenye kiganja na kwenda dukani. Mimi nilianza kujiuliza. Taa ionekane kwa umbali gani, na kwa macho ya nani? Ya dereva aliyelala vizuri, au ya yule anayetoka Busia na lori la pamba na hajala tangu asubuhi? Na vumbi la barabara za murram, zisizo na lami, je? Nilikaa kando ya barabara nikitazama magari yanayopita, nikaona kwamba taa zilizofungwa chini hufunikwa na vumbi kabla gari halijafika mbali. Kwa hiyo zifungwe juu. Lakini zikiwa juu sana, namba iliyo chini itamulikwa na nini? Halafu betri ya gari ilikuwa ya volti sita, na taa nyingi zilizokuwa zikiuzwa zilihitaji kumi na mbili. Zingewaka, ndiyo, lakini kama kaa la mkaa linalokufa.

Duka la spea la barabara kuu lilikuwa na jozi nzuri, mpya, ndani ya boksi. Mwenye duka alinitajia bei, akarudisha boksi kwenye rafu kabla sijajibu.

Nikaenda soko la Kibuye. Upande wa vyuma chakavu palikuwa na mfanyabiashara mmoja mnene aliyehamia Kisumu kutoka upande wa Nyeri, mwenye taa zilizotandazwa juu ya gunia. Kulikuwa na taa za malori, nzito kama sufuria, na taa za magari madogo ambazo wekundu wake ulikuwa umenywewa na jua mpaka zikabaki rangi ya ufizi. Nyingine zilikuwa na ufa uliozibwa kwa rangi ya kucha. Nilizigeuza moja moja.

"Bwana, wewe ni polisi?" aliniuliza mara ya tatu nilipomrudia.

"Hapana, mzee. Nataka kujua kama hii imewahi kuingia maji."

"Kila kitu Kisumu kimeingia maji. Hata mimi nimeingia maji. Unanunua taa ama unaoa?"

Wenzake walicheka. Mwuza viatu wa jirani akamwambia, "Mwache mwalimu amalize mtihani."

Nilichagua mwishowe taa mbili ndogo za duara zilizotoka kwenye trela la trekta. Kila moja ilikuwa na balbu moja yenye nyuzi mbili, ule hafifu wa safari na ule mkali wa breki, na pembeni dirisha dogo la kioo cheupe. Namba nikiipandisha juu na kuifunga karibu na taa ya kulia, dirisha hilo lingeimulika. Wekundu wake ulikuwa bado mzima. Balbu za volti sita nilizipata kwa fundi wa pikipiki, na vioo vya kung'aa nilivitoa kwenye meza ya vitu vya baiskeli. Dada alilipa kwa fedha za cherehani yake, aliyoiuza juma lile. Aliniomba tu nisirudi kubadilisha.

Aliyezifunga alikuwa mdogo wa marehemu, dereva wa lori la mchanga. Alikuja bila kuitwa, Jumamosi, na bisibisi mfukoni. Ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa na leseni, kwa hiyo ndiye aliyepaswa kulipeleka gari kwenye ukaguzi. Alifanya kazi kimya na vizuri. Nilipomweleza habari ya vumbi na kimo, alisikiliza, akazipandisha taa pale nilipotaka. Akapaka gundi kwenye mashimo ya nyaya ili maji yasiingie. Dada alimpa chai. Aliinywa amesimama, akitazama gari.

"Kaka alikuwa na mikono," alisema.

Mkaguzi alizunguka gari mara moja, akapiga mabati kwa kalamu, akacheka. Kisha akasimama nyuma na kuamuru: washa, kanyaga, achia, kanyaga tena. Mimi nilikuwa kando kama mtu anayesubiri majibu ya damu. Taa zikawaka mchana ule wa jua kali, nyekundu kweli. Mkaguzi akaandika. Karatasi ilitoka na jina la dada, nikaikunja na kuiweka katika mfuko wa shati, upande wa ndani.

Wazee walipotuma ujumbe kwamba kila kitu kiletwe nyumbani, dada hakuogopa kulipeleka gari. Alisema kulificha ndiko kungekuwa kukiri kwamba si lake. Tena alikuwa ameahidiana na wanawake wa Asembo Bay kwamba mchana huohuo, shughuli ikiisha, angeshuka ufukweni na kuchukua samaki wao wa kwanza. Vikapu vitupu tulivipakia nyuma. Shemeji yule mdogo akaendesha, dada akakaa katikati, mimi dirishani, mkono juu ya mfuko.

Tuliwakuta wazee wamekaa kwenye kivuli cha jikoni, viti vimepangwa. Mama mzazi wa marehemu na mdogo wake, mzee aliyekwisha kupungua mwili, alikaa mlangoni pa nyumba yake. Mimi nilipewa kiti mbali kidogo. Ndugu wa mke hana neno katika kikao cha namna hiyo. Nilikuwa nikilijua jambo hilo tangu utotoni, na bado nilikuwa nimeandaa hotuba.

Nguo ziligawanywa haraka. Baiskeli iliyopinda ikapata mwenyewe. Walipofika kwenye gari, dada alisimama na kuomba karatasi kwangu. Msemaji wa kikao, ami mkubwa wa marehemu, aliipokea kwa mikono miwili na kumpa kijana amsomee. Akaitikia kila mstari.

"Karatasi ni nzuri," alisema. "Serikali imesema gari linaweza kutembea, na wewe ndiye uliyelipeleka. Ni kweli. Lakini serikali haikuuliza nani alilitengeneza. Chuma hiki ni jasho la mtoto wetu."

"Na watoto wake?" dada aliuliza.

"Watoto ni wetu, gari ni letu, na wewe ni wetu. Hakuna anayekufukuza, mama. Gari litashikwa na yule atakayeishika nyumba, atakayekurithi wewe." Akamtazama yule mdogo wa marehemu, naye akatazama chini. "Ataliendesha, mtakula wote. Mbona mnalifanya jambo hili kama la wageni?"

Hapo nikaelewa ule ukimya wa Jumamosi na zile taa zilizofungwa kwa uangalifu namna ile.

Upepo ulileta harufu ya samaki kutoka ufukweni, chini. Kisha dada akasema kwamba nyumba yake haitashikwa na mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekataa chai ya pili.

Wazee walinong'onezana. Ami alikohoa. "Basi gari litabaki hapa. Hatukulazimishi. Kuna kitu chochote juu yake ambacho mume wako hakukinunua?"

"Taa za nyuma. Nilizinunua baada ya kumzika."

Kikao kilijadili jambo hilo kwa uzito uleule waliojadilia gari zima. Mmoja alisema kitu kilichopigiliwa kwenye chuma kimekuwa chuma. Mwingine akakataa: fedha zilikuwa za cherehani, cherehani ilitoka kwa wazazi wa mke. Mwishowe ami akatoa uamuzi. "Taa ni zako."

Dada akaenda nyuma ya gari na kunyoosha mkono. Shemeji mdogo akampa bisibisi. Alizifungua yeye mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, mimi nikishikilia taa zisianguke. Nyaya zilibaki zinaning'inia kutoka kwenye mbao.

"Shemeji, niachie hata moja," yule mdogo alisema, akijaribu kucheka. "Wale wanawake wa samaki wananingoja. Nitarudi mjini na mzigo jioni kwa barabara ya Asembo."

Dada alizifunga taa ndani ya leso.

"Nitanunua nyingine kesho," yule mdogo akasema tena, kwa wazee sasa. "Leo nitakwenda taratibu."

Mama yao aliinuka mlangoni. Alikuja polepole akishikilia ukuta, kisha hewa tupu, mpaka akafika kwenye gari. Hakumtazama mwanawe, wala dada yangu. Alishusha ule ubao wa nyuma, akajivuta juu yake kwa shida, akakaa. Miguu yake ilining'inia palipokuwa na taa.

"Mama, shuka."

"Nimekaa."

"Mama, samaki wataoza."

"Wataoza," alisema.

Hakuna aliyethubutu kumshusha. Dada alipiga goti mbele yake kidogo, wakashikana mikono. Kisha tukachukua vikapu vyetu na kushuka kwa miguu kwenda ufukweni, kuwaambia wale wanawake wasingoje gari.