Komeo la Nje

Wengi waliokuja msibani waliijua kazi ya Shangazi yetu bila kujua kuwa ni yake. Nusu ya watoto wa shule ya mtaa walivaa sare alizoshona yeye, kola zimesimama kama askari wa zamu. Lakini zote zilifika sokoni mikononi mwa wifi yake, mke wa kaka yake, na pale kibandani wifi ndiye aliyepokea sifa. Angejulikana mshonaji, nani angenunua? Mtaa mzima uliamini kifafa kinaambukiza.

Alianza kuanguka akiwa kidato cha pili. Kaka yake, mtu wa sala na aliyempenda kweli, alimpa chumba cha uani chenye kitanda, cherehani na dirisha la nondo. Mlangoni akatia komeo kwa nje.

"Ni kwa usalama wako, mdogo wangu. Ukiangukia barabarani, gari halina macho."

Maneno yalikuwa matamu. Komeo lilikuwa chuma.

Alipoanguka, hakuna aliyemgusa mpaka povu la mdomoni likauke, maana walisema likikugusa nawe umeupata ugonjwa. Siku moja jirani alimtia kijiko kati ya meno ili asimeze ulimi. Jino likavunjika, na jirani akashukuriwa. Tangu hapo Shangazi alicheka huku ameziba mdomo.

Na kucheka alipenda. Jioni wifi akirudi kutoka sokoni, alisimama dirishani kumpa habari.

"Leo mteja kaniambia nimtilie kifungo palepale."

"Ukafanyaje, mwizi wa sifa wewe?"

"Nikajichoma sindano, nikasingizia macho."

"Mungu si Athumani! Nipeleke mimi basi, wifi. Nikae nyuma ya kibanda. Hata chini ya meza nitakaa."

Wifi alilitazama komeo. Kulivuta hata mtoto angeweza. Neno la mumewe ndilo lililokuwa zito.

Mwishowe wifi alikwenda zahanati kuuliza, akarudi na muuguzi. Mama yule aliingia moja kwa moja, akaketi kitandani bega kwa bega na Shangazi. Kaka alibaki kizingitini.

"Hiki si pepo, wala hakiambukizi kwa mate," muuguzi alisema. "Ubongo unapiga shoti kwa muda, basi. Akianguka, mgeuzeni ubavu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, kaeni naye. Mdomoni msitie kitu. Na vidonge ameze kila siku."

"Na ulimi je?" kaka aliuliza.

"Ulimi umeshikwa kwa chini, baba. Hakuna anayeweza kuumeza. Mimi naogopa huo mlango. Akianguka kifudifudi humu, nani atamgeuza?"

Kaka alitikisa kichwa kukubali. "Wiki ijayo nitaling'oa komeo."

Vidonge vikaanza, na kuanguka kukawa kwa nadra. Lakini wiki ijayo ilizaa wiki ijayo nyingine. Mara mvua, mara watu watasema, mara kwanza apone kabisa. Kichwa cha kaka kilikuwa kimekubali. Mkono ndio ulioogopa.

"Kaka," Shangazi alimwambia kupitia nondo, "mimi dawa yangu nameza. Wewe yako utaimeza lini?"

Kaka alicheka kidogo, akaenda zake.

Asubuhi moja familia ilikwenda ibadani. Komeo lilifungwa kama kawaida. Waliporudi, cherehani ilikuwa kimya. Walimkuta kitandani kifudifudi, uso umezama katika kitambaa cha sare. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Wanawake waliokuja kumwosha walisita mlangoni, wakaulizia glavu. Wifi aliwapita, akaingia na mikono mitupu, akamwosha Shangazi kuanzia usoni. Kaka alikaa uani, hakuna aliyemsogelea, wala yeye hakumwita mtu.

Msiba ulipoisha, wifi alirudi kibandani. Mteja mmoja akaja na sare ya mwanawe. "Nishonee nyingine kama hii."

"Mimi sijui kushona, dada. Hiyo alishona wifi yangu, yule wa kifafa."

Mteja aliiachia sare mezani kama iliyomwunguza. "Mwanangu anaivaa mwaka mzima!"

"Ameanguka?"

Mteja akafikiri. "Hapana."

"Na hataanguka kwa hiyo nguo. Tulidanganyana, dada, na tuliodanganyana tumemfungia mtu ndani mpaka akafa."

Mteja aliitazama ile kola kwa muda mrefu. Kisha akaikunja sare polepole, akaitia kikapuni, akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anaitwa nani?"

Wifi akamtajia. Jina la Shangazi lilitamkwa sokoni kwa mara ya kwanza siku ile, na mwenyewe hakuwepo kuitika.