Viazi na Kibuyu Safarini Rudolf

Pikap ya kwanza ya Mwafrika kupanda barabara yetu ya Ainabkoi ilikuwa yangu. Waulize. Shule niliacha darasa la pili, lakini shamba nilinunua kwa mzungu aliyekuwa anahama, na kwa stoo aliniachia fimbo zake za kuvua samaki. Nikaamua nitavua kule alikokuwa anavua yeye, ziwa la Rudolf, hilo mnaloita Turkana siku hizi, kaskazini kabisa, mbele ya Lodwar.

Barabara ndiyo sikuijua. Aliyeijua ni jirani yangu, mwenyeji wa hapa, zamani dereva wa huyo mzungu. Na jirani huyo, tangu nitoke Nyeri nikanunua, hakuwahi kujibu salamu yangu. Nilimwelewa. Pale ng'ombe wa baba yake walipokuwa wakilishwa, sasa palikuwa na waya yangu ya ua. Lakini kuzeeka kando ya mtu asiyekusalimia ni mzigo. Fimbo zikanipa sababu ya kubisha hodi kwake.

"Nataka kwenda Rudolf," nikamwambia.

Akaitazama pikap. "Na hiyo?"

"Na hiyo."

"Itakufa Kapenguria."

"Basi twende uione ikifa."

Akabana kicheko.

Jumamosi akaja kwangu tupange mizigo. Alitaka madebe ya maji, na jembe la kuchimbua gari ikizama mchangani. Halafu akaona gunia.

"Viazi ni ya nini? Si tutakula samaki?"

Nikaficha ukweli. Kwetu samaki hailiwi. "Ni yako," nikasema. "Labda wewe huli."

Akaiendea baiskeli yake, akarudi na nyama kavu na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando. "Mzee, kwangu samaki ni nyoka tu. Nilikuwa namshikia mzungu fimbo. Nilidhani mlaji ni wewe."

"Mimi? Hata harufu yake inanishinda."

"Sasa tunaenda kufanya nini huko?"

"Kuvua."

Tulicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani ameumia.

Tulienda. Pikap haikufa, na alikubali hivyo mbele ya watu. Samaki tuliwapa wenye ziwa. Lakini ninachomshukuru Mungu zaidi ni ile Jumamosi. Tulifunga viazi na kibuyu kwa kamba moja, kisha akaona kuzunguka na baiskeli mpaka kwake ni mbali.

"Si ukate waya hapa," akasema.

Koleo nilileta mwenyewe. Hapo ndipo penye lango sasa, na watoto wake hupita bila kubisha.